Shanga za River Road si za Kenya: nilivyohudumiwa na wakala wa cheti cha asili

Natengeneza sandali za ngozi zenye shanga, karakana yangu iko Kariokor, Nairobi. Mteja wangu wa Lusaka aliagiza jozi 240 na akasema wazi kwamba bila cheti cha asili cha COMESA, yaani karatasi inayothibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa katika nchi mwanachama wa Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, nisihangaike kutuma, kwani ushuru ungemla faida yote. Kenya na Zambia zimo pamoja katika eneo huru la biashara la COMESA tangu lilipoanza mwaka 2000, kwa hiyo mzigo wenye cheti hicho hauna ushuru wa kuingia. Nikapanda hadi ghorofa ya nne, Moi Avenue, kwa wakala mmoja wa forodha. Jina silitaji, mtaona kwa nini.

Nianze na mazuri. Binti aliyenipokea hakutaja pesa kwanza. Aliichukua sandali, akaigeuza, akagonga soli kwa kalamu. "Mama, hivi vyote vimetoka wapi?" Nikajibu kwa madaha kwamba vyote nimenunua hapa hapa Nairobi. Akacheka. Akaniambia shanga haipati uraia kwa kuuzwa River Road. Zangu zimetoka Ucheki, soli na gundi Uchina. Cha kwetu ni ngozi tu, iliyosindikwa Athi River.

Tukakaa na kikokotoo. Sandali ya kawaida inanila malighafi za shilingi 800: ngozi 380, soli 220, shanga 150, gundi na uzi 50. Vya nje ni 420, yaani asilimia 52 na nusu. Kanuni ya COMESA inaruhusu malighafi za nje zisizidi asilimia 60 ya gharama ya malighafi zote. Imepita.

Ile yenye shanga hadi kisiginoni ndiyo ilinitoa jasho. Malighafi 1,200, na kati ya hizo 900 ni za nje. Asilimia 75. Nilishaanza kuirudisha kwenye mfuko, binti akaniuliza, "Na wanaotunga shanga unawalipa ngapi?" Kumbe kuna mlango wa pili: thamani iliyoongezwa hapa nchini ikifika asilimia 35 ya gharama ya kiwandani, bidhaa inapita. Kwenye zile 1,200 akajumlisha ujira 600, kodi ya kibanda na stima 200. Faida yangu hakuigusa, akasema haihesabiwi. Jumla 2,000, toa zile 900, imebaki asilimia 55. Kwa hiyo vidole vya kina mama wangu ndivyo vilivyoivusha ile sandali mpaka. Kwa somo hilo pekee ningempa nyota tano.

Sasa ofisi yenyewe. Niliahidiwa siku tatu, zikawa nane. Cheti hutolewa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wakala anaandaa tu, na kila nikipiga simu naambiwa "iko kwa mfumo". Siku ya tano nikaenda mwenyewe, nikakuta maombi yangu hayajatumwa. Afadhali nilienda. Kijana wa kuchapa alikuwa ameziandika sandali chini ya namba ya forodha 6402, ambayo ni ya viatu vya mpira na plastiki, ilhali zenye uso wa ngozi ni 6403. Tena aliweka herufi M, ya kigezo cha malighafi, kwenye aina zote mbili, ilhali ile ya shanga nyingi ilistahili V, ya thamani iliyoongezwa. Ankara yangu ilisema ngozi. Hebu fikirini lori limesimama Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia, karatasi hii inasema ngozi, ile inasema plastiki, na mimi niko Kariokor na simu yenye chaji ya asilimia nne!

Nilipolalamika, bosi alinitoza shilingi 1,000 za "marekebisho", juu ya 6,500 za awali. Nikakataa. Yule binti akarekebisha mwenyewe, kimya kimya, akiwa bado na chai yake mkononi.

Mzigo ulivuka Namanga, ukakatiza Tanzania kama mali ya kupita tu, kwa sababu wao si wanachama wa COMESA, ukaingia Zambia bila swali.

Nyota tatu. Mkienda, bebeni risiti za kila malighafi na muulizie yule binti, meza iliyo karibu na dirisha.