Huduma ya kupima udongo wa shamba: naipa nyota nne

Kama unalima mahindi huku nyanda za juu kusini, iwe Mbozi, Njombe au Sumbawanga, pesa ya kwanza ya msimu usiipeleke duka la pembejeo kununua mbolea ya DAP, ipeleke kwenye kupima udongo. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyobana nitasema kwa nini.

Shamba tulilopima ni la familia, liko Mbozi, limelimwa tangu babu yupo hai, mahindi juu ya mahindi, mabua yanachomwa, DAP ya kupandia na urea ya kukuzia. Mavuno yakawa yanashuka kila mwaka, mahindi machanga yanakuwa na rangi ya zambarau kwenye majani, na kila mtu ana lake, mara mbegu feki mara mvua.

Mtaalam anavyochukua sampuli ndo nimempenda. Hachoti sehemu moja akaondoka. Anapita zigizaga shamba zima, anakwepa kichuguu, palipokuwa na rundo la samadi na palipochomwa mabua, anachimba kama sentimita 20 maana hapo ndo mizizi mingi inapokula, anachanganya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati inaacha zinki na majibu yanapotoka), mwisho anabeba kama nusu kilo tu iliyokaushwa kivulini.

Majibu: pH, yaani kipimo cha tindikali (namba ikishuka tindikali inapanda), ilikuwa chini ya 5. Hapa wengi hatujaelewa, pH 5 ina tindikali mara kumi ya pH 6, sio tofauti ndogo hata kidogo. Udongo ukishuka chini ya 5.5 aluminiamu iliyomo inaanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na ile fosforasi ya DAP inashikwa na udongo, mmea hauipati (ndo ile zambarau ya majani), yaani umenunua mbolea kwa bei ile na imebaki imefungiwa humo humo shambani. Halafu DAP, urea na SA (mbolea nyingine ya kukuzia) zenyewe ukizitumia miaka na miaka bila kurudishia udongo chochote zinazidisha hiyo tindikali.

Ushauri tuliopewa ni chokaa ya kilimo, imwagwe na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, mabua yaachwe yaoze, samadi, na maharage yapokezane na mahindi. Kwa kupandia tukaambiwa tujaribu mbolea ya Minjingu, inatokana na mwamba wa fosfeti wa kule Manyara, ina kalsiamu ndani na inayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Msimu uliofuata ile zambarau ilipungua sana, mahindi yamesimama kijani mpaka majirani wanauliza tumeweka nini.

Mimi hili jambo linaniuma jamani. Ardhi tunaigombania mpaka mabaraza ya ardhi, ndugu hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili, ila udongo wenyewe hakuna anayeuliza hali yake. Sentimita chache za udongo wa juu zinachukua mamia ya miaka kutengenezeka, na mvua kubwa moja inaweza kuzibeba kama umelima matuta kufuata mteremko. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, vile vishimo vya kwenye miteremko, nyasi zinafukiwa zioze na maji yanatulia humo, milima ile mikali imelimwa zaidi ya karne na bado inalisha watu.

Sasa nyota niliyobana. Maabara tuliyopeleka siitaji, ila karatasi ya majibu ilikuja kwa Kiingereza kitupu, namba tupu, haisemi chokaa kilo ngapi kwa ekari, mpaka tukapiga simu na kufuatilia sana ndo tukaelezwa. Mkulima aliyelipa hela yake anastahili karatasi anayoweza kuisoma na mke wake mezani. Kile kipima cha mkononi cha afisa ugani kinatoa majibu papo hapo na kwa pH kinasaidia, ila ni makadirio, ukitaka kujua na zinki au boroni nenda maabara.

Kituo cha utafiti wa kilimo Uyole pale Mbeya wanapima, kile cha Mlingano Tanga na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro pia. Peleka Agosti au Septemba, ili majibu yakute bado una muda wa kuweka chokaa kabla mvua za Novemba hazijaanza, na kabla ya kulipa uliza kabisa kama watakuandikia kiasi kwa ekari.