Meli ya Alaska kwa familia: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kabla hujavutiwa na picha za mabwawa ya kuogelea, fungua ratiba ya meli utafute ile siku ambayo haitii nanga popote. Hiyo ndiyo siku ya barafu, na ndiyo hasa unayoilipia. Ikiwa imeandikwa Glacier Bay, endelea kusoma. Ikiwa imeandikwa Hubbard au Endicott Arm, sehemu nyingine za kutazama barafu, si vibaya, ila ujue unanunua safari nyingine.

Glacier Bay ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku. Kati ya kampuni zinazobeba familia, zenye kibali utakazokutana nazo mara nyingi ni Princess, Holland America na Norwegian. Royal Caribbean na Disney hazimo. Tracy Arm, mlango mwembamba wa bahari ambao zamani ulisifiwa sana, uliangukiwa na maporomoko ya mlima Agosti 2025, bahari ikaumuka ndani ya ule mlango mwembamba, na kampuni zikaanza kuhamia Endicott Arm jirani yake. Ukiona tangazo ambalo bado linaiuza, muulize wakala maswali.

Kwa ukubwa wa barafu peke yake, Hubbard haina mpinzani, na mtoto wa miaka sita hatalalamika akipelekwa huko. Kinachoniwekea Glacier Bay mbele ni watu wake. Asubuhi mashua ndogo husogea ubavuni mwa meli wakati meli bado inakwenda, askari wa hifadhi wakapanda kwa ngazi ya kamba, wakashinda nanyi hadi alasiri. Wanaeleza kwa kipaza sauti kinachoonekana kulia na kushoto, na watoto wanapewa kijitabu cha maswali: chora ndege uliyemwona, hesabu sili waliolala juu ya barafu. Akimaliza, mtoto anakula kiapo cha askari mdogo wa hifadhi na kuvishwa beji. Halafu meli inasimama mbele ya mto wa barafu uitwao Margerie. Kipande kikikatika, unakiona kikianguka kimya, sekunde zinapita, ndipo mlio unafika kama radi ya mbali.

Kwa hiyo cheo ninachokitoa hapa kinapima mambo matatu: njia inayopitwa, malezi ya watoto siku ya mvua, na jumla utakayolipa mkishashuka. Ukubwa wa jukwaa la maonyesho sikuuweka kwenye mizani.

Ya kwanza ni Princess. Inaingia Glacier Bay, inaondoka Seattle na Vancouver, klabu zake za watoto zinachukua kuanzia miaka 3 hadi 17 wakigawanywa kwa umri, na bei yake kwa kawaida iko katikati. Zaidi ya hayo ina hoteli zake bara, zikiwemo za karibu na hifadhi ya Denali, kwa hiyo familia inayotaka kuendelea kwa treni kwenda kutazama dubu na wale wanyama wakubwa wenye pembe waitwao moose haihitaji kupanga upya kila kitu. Udhaifu wake ni vijana wa miaka kumi na mitano. Meli ni tulivu, na kijana aliyekwisha kuona vigari vya mbio kwenye simu ya rafiki yake atakuuliza viko wapi.

Vigari hivyo viko Norwegian, nafasi ya pili. Meli zake Bliss na Encore zina njia yake juu ya sitaha, na mtoto akishuka hapo hukumbuki tena kumsikia akisema kwamba amechoka. Bliss iliundwa 2018 kwa kuifikiria Alaska: ina ukumbi mpana wa vioo mbele ambako bibi anaweza kukaa na chai yake akatazama nyangumi bila kuguswa na upepo. Lakini soma ratiba moja moja, maana si kila safari ya Norwegian inaingia Glacier Bay. Na ile bei unayoonyeshwa mwanzo ndiyo bei ya chambo. Migahawa mingi mizuri hulipiwa pembeni, na bakshishi yake iko juu.

Kuhusu bakshishi, tulia hapa kidogo, kwa sababu ndipo familia zetu zinaposhtuka. Kampuni kubwa hutoza kati ya dola 16 na 20 hivi kwa kila kichwa kwa kila siku, mtoto akihesabiwa kama mtu mzima isipokuwa wachanga kwenye baadhi ya kampuni. Watu watano kwa siku saba ni dola 560 hadi 700, na hujanunua hata soda. Ongeza intaneti. Ongeza kodi za bandari, ambazo hazipungui hata pale tangazo linaposema abiria wa tatu na wa nne katika chumba wanasafiri bure. Na vyumba vingi mwisho wake ni watu wanne. Mkiwa watano au sita, vyumba viwili vyenye mlango wa ndani mara nyingi huwa nafuu kuliko chumba kimoja kikubwa cha kifahari, na mnapata vyoo viwili. Mwenye watoto atanielewa.

Nafasi ya tatu nimempa Disney, na najua watakaonibishia. Bei yake inaumiza, haina Glacier Bay, na meli zake za Alaska huondokea Vancouver. Ila kama una mtoto wa miezi minane, ni vigumu kumshinda: ana chumba cha kulea wachanga kuanzia miezi 6, kwa malipo ya saa, wakati kwenye kampuni nyingi klabu za bure huanza miaka 3 na sharti mtoto awe ameacha nepi. Vyumba vyake vingi vina bafu na choo vilivyotenganishwa. Mkiwa na watoto wakubwa tu, pesa hizo zitumieni kwenye helikopta ya kwenda kutua juu ya barafu.

Royal Caribbean ya nne. Meli zake za daraja la Quantum ni nzuri sana kwa mvua: kiwanja cha michezo cha ndani, bwawa lenye paa, na kibanda cha kioo kinachonyanyuliwa juu ya bahari kwa mkono mrefu wa chuma. Zinabeba abiria zaidi ya 4,000, na mnaposhuka pamoja Skagway, mji mdogo kabisa, utaona foleni ya choo kabla hujaona mlima.

Holland America naiweka ya tano kwa familia, ingawa kwa wazazi wetu peke yao ningeiweka ya kwanza. Meli ni za ukubwa wa wastani, bwawa la katikati lina paa la kufungwa, inaifahamu Alaska kwa miongo mingi. Shida ni kwamba klabu ya watoto inaweza kuwa na watoto wachache sana, hasa Mei na Septemba, na mtoto wa pekee huchoka haraka. Carnival, ya sita, kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini, na klabu yake inapokea watoto wa miaka 2. Hilo tu linaweza kukutosha.

Nje ya cheo zipo meli ndogo, kama za UnCruise na Lindblad. Hizo zinakupeleka kwenye ghuba ambazo meli kubwa haziwezi kuzigusa, mnashushwa kwa vimashua na kutembea msituni. Zinagharimu maelfu ya dola kwa kila mtu, na si za watoto wadogo.

Halafu kuna feri ya serikali ya jimbo, Alaska Marine Highway, iliyoanza 1963. Inaondokea Bellingham, kaskazini ya Seattle, na kufika Ketchikan baada ya kama siku moja na nusu, kisha inaendelea hadi Juneau na Skagway. Hakuna klabu wala maonyesho. Wapo wanaofunga mahema yao sitahani kwa gundi ya utepe ili upepo usiyabebe. Naitaja kwa sababu ya karatasi za kusafiria: feri hiyo ya Bellingham haitii nanga Kanada.

Karatasi ndizo zimevunja safari nyingi za watu wetu. Sheria ya Marekani ya 1886 inakataza meli yenye bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa zimesajiliwa Bahamas, Bermuda, Uholanzi au kwingineko. Ndiyo maana meli ya kutoka Seattle hupitia Victoria, Kanada, mara nyingi jioni kwa saa chache tu. Raia wa Marekani hana neno. Mwenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, haombi viza ya Kanada, bali awe na kadi hai pamoja na pasipoti hai ya nchi yake. Ile pasipoti ya Tanzania iliyoisha muda ikiwa kabatini haitakusaidia gatini. Lakini bibi aliyekuja kutembea kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Kanada hata kama hana nia ya kushuka Victoria, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Majina nayo. Kwetu mtoto hubeba jina la baba na la babu, mama ana lake. Mama akisafiri na watoto peke yake, achukue cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya baba iliyogongwa muhuri na mthibitishaji. Shangazi anayesafiri na watoto wa kaka yake ndiyo zaidi.

Wanaokula halali waandikie kampuni mapema baada ya kulipia, waombe jibu la maandishi, na siku ya kwanza wamtafute msimamizi wa mgahawa. Samaki hakosekani. Suala la sala ni gumu kuliko la chakula: Juni huko Juneau jua linazama saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, kwa hiyo muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka.

Kuhusu mwezi: Mei ni mkavu zaidi na bei iko chini, Julai kuna joto kidogo, Agosti samoni wamejaa mitoni na dubu wamewafuata. Ketchikan hunyesha karibu mita nne za mvua kwa mwaka, kwa hiyo koti lisilopitisha maji linakuja kabla ya kamera. Matembezi ya nyangumi yanunueni Juneau au Icy Strait Point, ambako bandari inamilikiwa na kampuni ya Watlingit, wenyeji wa asili wa mji wa Hoonah. Mashua mliyoitafuta wenyewe kwa kawaida ni nafuu kuliko ile ya kaunta ya meli, ila mkichelewa kurudi, meli haiwasubiri.

Malipo ya mwisho kwenye kampuni nyingi hudaiwa siku kama 90 kabla ya kuondoka, na baada ya hapo kujitoa kunakula pesa. Kwa safari ya Julai, hiyo ni Aprili. Majibu ya viza ya bibi yawe yamefika kabla hujalipa.