Kodi ya mapato ya mji Ohio: kulipa mjini au jimboni?

Ohio, Marekani, ina miji na vijiji zaidi ya 600 vinavyotoza kodi yao ya mapato. Columbus na Cleveland hutoza asilimia 2.5. Tangu 2018 mwenye kampuni anaweza kuchagua: apeleke kodi ya faida mji kwa mji, au yote kwa Idara ya Kodi ya jimbo.

Kwa makaratasi, jimbo linashinda kwa mbali. Chukua kampuni ya mafundi bomba yenye kazi katika miji sita. Akienda mji kwa mji, mhasibu anajaza ritani (fomu za kodi) sita, akigawa mali, mishahara na mauzo ya kila mahali. Jimboni ni ritani moja ya mtandaoni yenye orodha ya miji. Ila kodi inayokatwa kwenye mishahara haimo, bado inakwenda mijini. Nafuu nusu, basi.

Gharama ilizua kesi. Jimbo lilikuwa likibakiza asilimia 0.5 ya makusanyo. Miji ikashtaki, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaruhusu jimbo likusanye, lakini ikafuta makato hayo.

Ufuatiliaji naupa mji. Karani wake hupita mbele ya duka jipya akienda kazini. Wa jimboni huliona kwenye fomu tu, kama ikijazwa.

Mwenye duka moja, mji mmoja, sioni sababu ya kuhama. Mwenye tenda zilizotapakaa kaunti tatu, jimbo litampunguzia kazi. Kijiji kisicho na hata mhasibu kina njia ya tatu ya kukusanya: RITA (Regional Income Tax Agency), wakala wa pamoja unaoikusanyia miji mingi kodi yao.