Toggl Track kwa mfasiri anayejitegemea: tathmini baada ya miezi kumi na minne

Kwa miaka mingi nilipanga bei ya tafsiri kwa idadi ya maneno, kama wafanyavyo wafasiri wengi ninaowafahamu hapa Dar es Salaam, na muda ulioingia katika kazi niliukadiria kichwani tu. Kisha mteja mmoja akaniomba nimharirie taarifa zake kwa malipo ya saa, kwa sharti kwamba kila ankara iambatane na orodha ya siku, kazi iliyofanyika na muda wake. Daftari halikunitosha kwa jambo hilo, kwa kuwa nilikuwa nikiandika jioni yale niliyoyafanya tangu asubuhi, na kumbukumbu ya jioni haiaminiki pale fedha ya mtu mwingine inapohusika. Ndipo nilipoanza kutumia Toggl Track, programu ya kurekodi muda wa kazi, na nimeitumia kila siku ya kazi kwa miezi kumi na minne sasa.

Programu hii ilizaliwa Tallinn, Estonia, mwaka 2006 kwa jina la Toggl, na mwaka 2020 ikaongezewa neno la pili ili itofautishwe na programu nyingine za kampuni hiyohiyo. Hutumika kwenye kivinjari, kwenye kompyuta na kwenye simu, kote huko kwa akaunti moja. Unaandika jina la jambo unalolifanya, unalihusisha na mradi na mteja wake, unabonyeza kitufe na muda unaanza kuhesabiwa. Ukihamia kazi nyingine, unabonyeza tena. Kikundi kisichozidi watu watano hakilipi chochote kwa huduma ya msingi, na kwangu mimi nifanyaye kazi peke yangu huduma hiyo imetosha kabisa.

Faida kubwa niliyoipata ni kuijua kazi yangu mwenyewe. Katika mwezi wa tatu nilitafsiri mwongozo wa pampu za maji wenye maneno takriban 6,000, nikauandikia muda kwa mafungu manne: kutafsiri, kutafuta istilahi, kusahihisha na kuwasiliana na mteja. Kutafsiri kwenyewe kulichukua muda wa saa 14. Kutafuta istilahi kulichukua saa 7, kusahihisha saa 6, na barua pepe pamoja na simu zikamaliza saa 3 na dakika 20. Kwa maneno mengine, chini kidogo ya nusu ya muda wangu ilikwenda katika kutafsiri na zaidi ya nusu ilikwenda katika mambo ambayo bei ya kwa neno haikuwa imeyahesabu hata kidogo. Nilikuwa nikihisi kwa muda mrefu kwamba miongozo ya kiufundi inanichosha kuliko inavyonilipa, lakini hisia haziwekwi mezani mbele ya mteja. Safari iliyofuata nilipeleka jedwali hilo, nikaeleza fungu moja baada ya jingine, na tukakubaliana kwamba kutafuta istilahi kulipiwe peke yake, kwa sharti la haki kabisa kwamba orodha ya istilahi nitakayoiandaa iwe mali yake na itumike katika miongozo mingine.

Kuna jambo moja ambalo mtumiaji wa Kiswahili anapaswa kuliangalia tangu siku ya kwanza, nalo ni hesabu yetu ya saa. Programu huandika 09:00 pale sisi tunaposema saa tatu asubuhi, na kwa kawaida hilo halisumbui, kwa kuwa saa ya simu imetuzoesha. Taabu huja unapoingiza kwa mkono kipindi kilichopita. Mara mbili katika wiki za mwanzo niliwaza kwa Kiswahili na kuandika 3:00 kwa kazi niliyoianza saa tatu, na taarifa ya wiki ikaonyesha kwamba nilihariri usiku wa manane. Zaidi ya hapo, neno letu saa hubeba wakati na vilevile muda, hivyo maneno "saa 3" katika ankara yanaweza kusomwa kama kipindi cha kazi au kama wakati ilipoanza. Siku hizi huandika "muda wa saa 3" katika kila mstari, na wakati wa kuanza nikiutaja huambatanisha neno asubuhi, mchana au jioni. Ni maneno machache tu, lakini yameondoa maswali yote ya mhasibu wa mteja wangu.

Mhasibu huyohuyo ndiye aliyenifanya nichague kwa makini namna ya kuonyesha muda. Mipangilio inaruhusu muda uonyeshwe kwa saa, dakika na sekunde, au kwa desimali. Desimali ni rahisi kuzidisha kwa kiwango cha malipo, ila 1.75 ilisomwa kwanza kama saa moja na dakika sabini na tano. Nilipomweleza kwamba hiyo ni saa mbili kasorobo, alielewa papo hapo, kwa sababu robo, nusu na kasorobo tunazo katika ulimi tangu utotoni, nazo ndizo hasa .25, .50 na .75 za mashine. Tangu hapo naonyesha desimali katika jedwali la hesabu na maneno katika maelezo.

Kasoro ya kila mfumo wa kubonyeza kitufe ni kwamba mtu husahau kukibonyeza, na hakuna programu iwezayo kuliondoa jambo hilo. Programu ya kompyuta hujitahidi: ikiona kibodi na kipanya havijaguswa kwa dakika kadhaa, hukuuliza ukirudi kama muda huo uhesabiwe au utupwe. Swali hilo linafaa sana, lakini linahitaji uaminifu wa mwenye kujibu. Mfasiri anayesoma kamusi iliyo mezani au anayetafakari sentensi ngumu yuko kazini ingawa mikono yake imetulia. Aliyekwenda kupokea mgeni hayuko kazini. Mimi hujibu hapohapo nisije nikasahau, na pale ninapokuwa na shaka hutupa muda huo, kwa sababu napendelea kupoteza dakika kumi zangu kuliko kumtoza mtu dakika ambazo siwezi kuzitetea.

Umeme ukikatika nahamia kwenye simu, na hapo programu imenifaa vizuri: huendelea kuhesabu hata bando likiisha, kisha hupeleka kumbukumbu kwenye akaunti intaneti inaporudi.

Ofisi nyingi zina daftari la mahudhurio linaloonyesha mtu aliingia wakati gani na kutoka wakati gani, lakini halisemi kati ya nyakati hizo alifanya nini. Kwa upande wa pili kuna programu zinazopiga picha za kioo cha kompyuta kila baada ya dakika chache na kumpelekea msimamizi, na rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi chini ya mfumo wa namna hiyo aliniambia kwamba aliogopa hata kusimama kunywa maji. Toggl Track haipigi picha hizo, na kumbukumbu yake ya programu ulizozifungua huonekana kwa mtumiaji mwenyewe peke yake mpaka atakapochagua kuigeuza kuwa kipindi cha kazi. Msimamizi wa kikundi huona vipindi ambavyo wafanyakazi wameviandika, na naona hapo ndipo mpaka unapopaswa kuwekwa. Mtu anayepima muda wake ili ajue thamani ya kazi yake hupima kwa ukweli. Anayepimwa kwa kuviziwa hujifunza kuonekana anashughulika.

Upungufu upo. Kiswahili hakimo katika lugha za programu, ingawa majina ya miradi, wateja na kazi yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na taarifa zitatoka nayo vilevile. Kuweka viwango vya malipo kwa saa kunahitaji huduma ya kulipia. Mimi hupakua faili la CSV, yaani orodha inayofunguka katika programu ya majedwali, na kuzidisha katika jedwali langu, kazi ya dakika tano kwa mwezi. Anayetaka kumbukumbu zake zikae kwenye seva yake mwenyewe aitazame Kimai, ambayo ni programu huria ya kurekodi muda na haina gharama ya leseni, ila lazima awepo mtu wa kuisimika na kuitunza.

Kwa mfasiri au mhariri anayetaka kuanza, ningemshauri asiwe na mafungu mengi. Nilianza na kumi na tisa, na kila nilipobadilisha kazi nilisimama kufikiri ni lipi linalofaa, hata wakati mwingine nikaacha kuandika kabisa. Nilibaki na manne yale ya mwongozo wa pampu, nikaongeza moja la ankara na malipo, na tangu hapo sijaruka siku.