Mbegu za nyanya "zinazovumilia joto": tumezipanda Mkuranga, tuone kama zinavumilia kweli

Habari zenu wakulima, karibuni tena shambani. Leo tupo Mkuranga, Februari hii, saa nne asubuhi tu na shati limeshalowa, na ndo hali niliyokuwa naisubiri, maana mbegu ya joto ukiichambua mwezi wa saba hujachambua kitu.

Pakiti ndo hii, jina nimeliziba makusudi kwa sababu za aina hii zipo nyingi madukani na ninayosema yanazihusu karibu zote. Ni chotara, F1, yaani kizazi cha kwanza cha kuchanganya aina mbili. Mbele wameandika kwa herufi kubwa INAVUMILIA JOTO, ukigeuza nyuma kuna nafasi ya kupandia, kuna siku za kuvuna, kuna magonjwa inayohimili, lakini joto lenyewe nyuzi ngapi, hamna. Na mimi hapo ndo naanza nao, kwa sababu namba ndo kila kitu.

Wengi tunafikiri nyanya inauliwa na joto la mchana. La mchana lipo, likipita nyuzi 35 mmea unateseka, lakini huku pwani kinachotumaliza ni usiku. Nyanya inataka usiku ushuke hadi nyuzi 20 hivi ndo ishike matunda vizuri, sasa Dar na hapa Mkuranga Januari na Februari usiku unacheza kwenye nyuzi 25, feni inazunguka na bado hulali. Nenda Ilula kule Iringa, mchana jua linawaka ila usiku unavuta blanketi, na matenga yanatoka kule kuja kutuuzia sisi.

Sogeza kamera hapa. Mstari huu wa kushoto ni Tanya, ile mbegu yetu ya kawaida isiyo chotara, huu wa kulia ni chotara, zimeingia shambani siku moja, mbolea ileile, maji yaleyale. Angalia kichala hiki cha Tanya, kikonyo cha ua kina kifundo hapa katikati, kimeshageuka njano, nagusa tu, limedondoka. La jirani pia. Na hili ambalo bado limeng'ang'ania, karibu zaidi, unaona kijiti cha kijani kimechomoza nje ya hii koni ya njano? Hicho ndo kinapokea chavua, kawaida kinakaa ndani, chavua ikidondoka inakikuta palepale, sasa joto limekirefusha kimetoka nje na chavua haikifikii, na hata hiyo chavua yenyewe nyingi imeshakufa. Halafu jamani hili lishikeni, chavua inaharibika ua likiwa bado kitumba, wiki moja mpaka mbili kabla halijachanua, kwa hiyo ukiona maua yanapukutika leo usikimbilie duka la dawa na wala usimfokee kijana wako wa kumwagilia, hilo ni joto la siku zilizopita.

Haya, kulia sasa. Kichala cha chotara, vitunda vimeshika zaidi ya nusu ya maua, kwenye hewa hiihii. Mimi hili linanifurahisha sana, kwa sababu kazi iliyomo humu ni ya miaka mingi. World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga kule Taiwan, kilianzishwa 1971 na nyanya za joto zilikuwa kati ya kazi zake za mwanzo kabisa, wakakusanya maelfu ya aina kutoka duniani kote, wakazipima kwenye kiangazi cha kwao chenye joto na unyevu, na zilizoshika matunda zilikuwa chache mno. Na hizo chache nyingi zikawa na matunda madogo madogo. Ukizichanganya na zenye matunda makubwa unapata ukubwa unapoteza ule uvumilivu wa joto, au kinyume chake, maana uvumilivu huo haukai kwenye jeni moja, umetawanyika kwenye jeni nyingi, kwa hiyo unachanganya, unapanda kwenye joto, unachagua, unarudia tena vizazi na vizazi. Kuna mbegu mama yao inaitwa CL5915 ambayo watafiti wa nchi nyingi wameitumia. Florida nako chuo kikuu chao kilitoa Solar Set mwaka 1989 kwa shida hiihii. Na hao wa Taiwan wapo Arusha pia, Tanya na Tengeru 97 zilizotoka 1997 zina mkono wao, kwa hiyo Tanya siidharau hata kidogo, ngumu, inasafiri vizuri, ila usiku wa Februari wa pwani sio wake.

Sasa nakata hii moja ya chotara. Mbegu chache, na upande huu kuna uwazi, nyama haijajaa, maana yake ua halikuchavushwa vizuri, joto limeigusa na yenyewe. Tunda dogo kuliko Tanya, dalali atalisema hilo kabla hujashusha tenga. Na rangi, mabega yanabaki na umanjano, kwa sababu joto likizidi nyuzi 30 hivi ule wekundu hautengenezwi vizuri. Dawa yake chuma ikianza tu kubadilika rangi, iivie kivulini penye hewa.

Kingine, kuvumilia joto sio kuvumilia kila kitu. Kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, anaila kama nyingine, na rasta, ugonjwa wa virusi unaokunja majani, inaletwa na inzi weupe ambao joto ndo raha yao, kwa hiyo soma pakiti kama ina kinga ya rasta pia, kama haina, kwa huku pwani mimi nairudisha dukani. Na ni chotara, usikamue mbegu ukategemea msimu ujao upate kitu kilekile, zitatoka mchanganyiko. Bei yake ni mara kadhaa ya Tanya, na utainunua kila msimu.

Mimi naipa saba kwa kumi, kwa mtu wa Mkuranga, Bagamoyo, Tanga, anayesia Desemba ili maua yaje Februari na avune nyanya zikiwa adimu sokoni. Hizo tatu nimezikata kwa ukubwa wa tunda na kwa ile namba ambayo hawajaiandika. Wewe wa Lushoto au Ilula baki na Tanya yako, hiyo hela ongezea mbolea. Na wa pwani ukifika dukani muulize muuzaji swali moja, inashika matunda usiku ukiwa nyuzi ngapi? Akikujibu ya mchana, muulize tena ya usiku.