Mfereji wa shawa wa sm 60: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Bafu ni la mita 1.2 kwa 2.4, shawa na choo pamoja, halina kizingiti wala pazia. Mfereji, yaani njia ya sakafuni ya kutolea maji yenye chujio juu, ni wa chuma cha pua, tundu lake milimita 50, umelazwa chini ya ukuta mfupi wa mwisho, mbali na mlango. Kwa kupitisha maji naupa nane kati ya kumi. Kwa kuzuia harufu, kama ulivyotoka dukani, mbili.

Kwenye harufu ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ndani kuna kikombe cha plastiki kilichofunikwa kama kengele, na maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia hewa ya chemba. Nimeyapima: kina sm 2 tu. Bafu la wageni likikaa bila kutumika kwa joto la Dar, yanakauka, na mende hawasubiri kualikwa. Kikombe kikijaa nywele, mtu hukichomoa akakitupa, bomba likabaki wazi. Dawa ni kufunga P-trapu ya inchi 2 chini ya mfereji, yaani bomba lililopinda linalobakiza maji, yenye maji ya kina cha sm 5. Ukishaifunga, kikombe cha juu kitoe. Trapu mbili zikifuatana hufungia hewa katikati, na maji hushuka kwa kusuasua.

Ila P-trapu inataka kina, na bomba linataka kushuka kama sm 2.5 kwa kila mita: mita 3 hadi chemba ni sm 7.5, hapo hujahesabu trapu wala kimo cha mfereji wenyewe. Nyumba ya chini hilo ni jepesi, mradi bomba lilazwe kabla ya jamvi (zege la sakafu) kumwagwa. Ghorofani lazima slabu ya bafu ishushwe, au bomba lipite juu ya dari ya chumba cha chini. Piga hesabu hii kabla hujaenda dukani.

Shawa ya kawaida hutoa lita 8 hadi 12 kwa dakika, na mfereji unazimeza bila shida. Lakini bafu zetu hupokea pia beseni la kufulia. Ndoo ya lita 20 ikimwagwa kwa mkupuo, maji hutanda karibu nusu mita kabla ya kuzama. Kinachookoa mlango ni mteremko: sm 2 kwa mita, yaani karibu sm 5 toka mlangoni hadi kwenye chujio. Pima kwa uzi na pimamaji. Jicho la fundi lisikutoshe. Chujio likae milimita 1 au 2 chini ya uso wa tailizi.

Kosa la mpango huu ni urefu. Ukuta una mita 1.2, mfereji sm 60, hivyo kila upande umebaki na sm 30 ambako maji hutuama kwenye kona. Wa sm 110 ungemaliza kazi, na tailizi kubwa zingelala kwa mteremko mmoja bila kukatwa mshazari.

Angalia pia kama mfereji una ukingo bapa pembeni. Isiyo na ukingo iache dukani, maana hapo ndipo maji hupenya. Tailizi na grauti inayojazwa kati yake havizuii maji. Kinachozuia ni dawa ya kuzuia maji iliyo chini yake. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, ipande juu ya ukingo huo pamoja na kitambaa cha wavu, na ukutani ifike sm 180 upande wa shawa, sm 15 kwingine. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji, acha saa 24. Tailizi baadaye.

Chuma kimeandikwa 304, ambayo ni daraja la chuma cha pua, lakini maji ya kisima yenye chumvi yameshatia madoa ya kutu palipochomelewa. Maji yako yakiwa hivyo, tafuta 316. Sumaku haitakusaidia kutambua daraja, kwani hata 201 duni inaweza isinate. Na ile asidi ya kusafishia tailizi isiguse mfereji kabisa. Brashi na sabuni kila wiki mbili vinatosha.