Wakala wa viza ya Korea: laki nane zangu na nyota mbili

Nyota mbili nampa, na moja ni ya yule dada wa mapokezi aliyeniletea chai siku niliyopanda ngazi na hasira zangu. Ofisi iko Kariakoo, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Jina silitaji.

Nililipa laki nane kwa huduma yote: kutafutiwa chuo, kuandaliwa makaratasi, kusindikizwa mpaka ubalozini. Viza yenyewe ni D-4-1, ile ya kusoma Kikorea kwenye taasisi ya lugha ya chuo kikuu, siyo D-2 ya digrii. Kwenye chuo sina neno. Barua ya kukubaliwa ilitoka Busan, mji wa kusini mwa Korea, ndani ya mwezi mmoja na nusu, na walinichagulia vizuri maana kodi ya chumba huku si ya Seoul. Muhula ni wiki 10, saa 200, na madaraja yanaanzia la 1 hadi la 6.

Balaa lilianzia benki. Anayekwenda kusoma lugha hutakiwa kuonyesha salio la won milioni 10, kwetu kama milioni kumi na nane na ushee. Mama alikuwa na kumi na moja, za kikoba na za duka la vitenge. Wakala akasema, "Usijali mdogo wangu, tunakuazima salio, taarifa ikishagongwa mhuri tunachukua chetu." Malipo ya kuazima laki tatu, mbali na zile nane. Nikakubali, ujinga wangu. Ile taarifa ya benki ukiitazama unacheka mwenyewe: miezi mitano zinaingia laki mbili, inatoka laki moja, halafu Jumanne moja zinatua milioni saba kutoka kwa mtu ambaye mama hamjui hata kwa sura. Ubalozi ukauliza hela imetoka wapi. Tungejibu nini? Viza ikakataliwa, ada haikurudi, wakala akaniambia ni bahati mbaya tu.

Kuomba nakala ya faili langu ndiyo nikaona mengine. Kwenye mpango wa masomo, pale unapoeleza kwa nini unataka kujifunza Kikorea, walibandika maneno ya mtu mwingine: eti tangu utotoni naupenda utamaduni wa Korea. Mimi utotoni Mbagala nilikuwa napenda rede. Sababu yangu ni mjomba, anauza spea za magari ya Kikorea Gerezani, na kila akiwasiliana na wauzaji wa Incheon, mji wa bandari huko Korea, anamtegemea mtu wa kati anayekula juu na chini. Hiyo ndiyo niliyoiandika mara ya pili, ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono wangu.

Mara ya pili nilifanya mwenyewe. Mama aliuza kiwanja cha Chanika, hati ya mauzo tukaiambatanisha na taarifa ya benki, kila shilingi ikawa na mwenyewe. Cheti cha kidato cha nne nikakipeleka Wizara ya Mambo ya Nje kugongwa mhuri, kisha ubalozini. Jina langu kwenye cheti lina "h" ambayo pasipoti haina. Wakala aliiona akasema haina shida. Nilikwenda kwa wakili, hati ya kiapo elfu thelathini, nusu saa nikawa nimetoka.

Kwenye usaili yule afisa aliuliza kidogo kuhusu mjomba, kisha akaonyesha kalenda ya ukutani: soma mwezi huu. Imeandikwa namba 10 na herufi moja ya mwezi. Kumi ni "sip", mwezi ni "wol", nikajitutumua: "sibwol." Akacheka hasa. Oktoba kwao ni "siwol", ile "b" inamezwa, na Juni nayo ni "yuwol", siyo "yugwol". Sijaisahau mpaka leo, na nadhani kosa lile lilinisaidia kuliko ningepatia, maana alijua sikukariri majibu ya mtu.

Jambo jingine ambalo wakala anawadanganya watu: eti ukifika, wiki ya pili uko kazini. Mwenye D-4 husubiri miezi 6 kwanza, na hata hapo ni kibarua cha saa chache kwa kibali cha uhamiaji. Kuna kijana tulifika naye alikuja na hela ya mwezi mmoja kwa kuamini hivyo. Sasa hivi anakula ramyeon, tambi za pakiti za Kikorea, asubuhi na jioni.

Kama chuo chenyewe ndicho kinachokushinda kukitafuta, walipe hiyo kazi peke yake, wanaifanya kwa laki mbili ukibembeleza. Benki na mpango wa masomo usiwaachie.

Majuzi wakala amenitumia ujumbe, anaomba picha yangu nimeshika kadi ya ukaazi aiweke kwenye ukurasa wake. Nimemwambia picha ni laki tatu.